Mpaka Majani Yafike Pindoni

Malishoni, 9 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umeanza kukupa nafasi ya kupumua, na kwamba Kaka hajakuacha peke yako wiki nzima kwa safari za lori lake. Ulisema simu ni ya kutangazia misiba na kuulizia nauli, basi nakuandikia kama ulivyotaka. Dereva wa basi la asubuhi amekubali kubeba barua zetu, mradi nisimpe na kuku.

Leo tumefungua geti. Kondoo sitini na wanne wameingia chini ya paneli za jua, Mwalimu, kiongozi wao, mbele na kengele yake. Nilikuwa roho mkononi. Unawajua kondoo wetu, hata ndoo mpya huwa wanaikimbia. Mwalimu alisimama getini, akainusa nguzo ya kwanza, akaingia kama mtu anayeingia ofisini kwake, na wengine wote nyuma yake.

Miti yako nitaitaja mara moja tu kisha usinune: haipo, yote saba. Palipokuwa na miti sasa ni mistari ishirini na minne ya vioo, kuanzia kisimani mpaka kule bondeni ardhi inapoanza kuwa laini. Ukingo wa chini wa kioo uko juu kidogo ya goti langu. Jua likiwa katikati, upepo unakufa, na mbingu zinakuwa mbili, moja juu na nyingine imelala kwenye vioo. Wingu likipita, linapita mara mbili. Kondoo wanakula hapo katikati bila habari. Nilikaa nikitazama mpaka nikasahau kuwa nina njaa.

Sasa sikia shida yangu. Kampuni uliyoikodishia ardhi imetupa mpaka mwisho wa Juni, kwa majaribio. Mhandisi wao, dada mmoja wa kofia ya njano asiyecheka ovyo, amenipa masharti mawili. Majani yasifike kwenye kioo, maana yatakizibia jua. Na ardhi isibaki uchi, maana vumbi litapanda juu ya vioo. Nikishindwa, kondoo wanatoka na inaletwa mashine ya kufyekea pamoja na dawa ya kuua majani. Hatuna malisho mengine, Baba. Kundi litauzwa na mimi nitarudi kufua mashuka ya hoteli, na miaka tisa ya mashuka inanitosha. Sitaki.

Wewe ulichunga hapa miaka thelathini na majani hayakuisha. Ulifanyaje? Nilikuwa mdogo, nilikuwa naona mgongo wako tu.

Binti yako,
Mama Kelele


Mjini, 20 Februari

Mwanangu Mama Kelele,

Marahaba. Mwandiko huu si wangu, usishtuke. Mgongo unanifanya mkono utetemeke, kwa hiyo naandikiwa na Fundi, mama wa cherehani mwenye duka chini ya ngazi zetu. Ana mwandiko mzuri na maswali mengi. Fundi, hilo usiandike. (Nimeandika. Fundi.)

Umefanya vizuri kuniuliza mimi kabla ya kuuliza watu wa kofia. Siri ni moja: wafuate kivuli. Nilikuwa na miti saba, na kondoo walikuwa wakihama na kivuli, mti hadi mti, siku hadi siku. Kivuli kilipokwenda, nao walikwenda, na walipotoka pakapumzika. Mimi nilikuwa nyuma yao na fimbo yangu, sisemi neno. Hakuna elimu zaidi ya hiyo. Kama miti imekatwa, vioo navyo vina kivuli. Waachie wakifuate, utaona.

Mwalimu msalimie sana. Mkune nyuma ya sikio lake la kushoto, lile lililochanika kwenye waya. Mwambie aliyemnyonyesha kwa chupa bado yupo.

Jambo jingine. Barua yako ilikuwa fupi. Usiniandikie "kuna majani". Sema yana urefu gani, yana rangi gani, asubuhi yanafanya nini. Mtu anayeshinda ghorofani anataka kitu cha kutazama.

Baba yako


Malishoni, 14 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Unataka urefu, haya kaa vizuri.

Mvua mbili zimenyesha. Majani yana rangi tatu. Chini kwenye shina ni meupe karibu kama maziwa, katikati ni mabichi, nchani yana wekundu kidogo, ule ambao Mama alikuwa akisema ni majani kuona haya. Asubuhi maji yanakusanyika kwenye ukingo wa kila kioo na kudondoka, tone tone, mistari yote ishirini na minne, mpaka uwanja mzima unasikika kama watu wengi wananong'ona. Kondoo wanasimama chini na kuyanywa yakidondoka. Mmoja anafumba macho. Nikimtazama na mimi nasinzia nikiwa nimesimama.

Ndege wadogo wa kahawia wamejenga kwenye vyuma. Mchana ukilala chini ya mstari unasikia sauti nyembamba ya chuma, haiishi, inakubembeleza. Nilimwota Mama nikiwa hapo. Alikuwa anapita mbali na ndoo. Nilitaka kumwita ila mdomo ulikuwa umejaa majani, kama kondoo.

Nafanya kama ulivyosema, wanafuata kivuli. Wamenona. Mwalimu hajambo, kengele yake naisikia hata sasa ninapoandika.

Nimekuwekea picha ya kundi, amenipigia kijana wa duka la dawa ya mifugo. Wako wote.

Binti yako,
Mama Kelele


Mjini, 25 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Picha nimeipata. Nimeiweka dirishani penye mwanga nikaitazama mpaka chai ikapoa. Mwalimu yuko mbele, amegeuza shingo kama mtu aliyeitwa jina. Wamenona kweli. Nilijua tu. Kivuli hakijawahi kuniangusha.

Ile barua ya majani ya rangi tatu nimeisoma tena na tena. Niandikie nyingine kama hiyo. Niambie na mawingu.

Baba yako


Malishoni, 3 Aprili

Fundi,

Shikamoo. Hatujawahi kuonana, ila nakujua kwa mwandiko na kwa mabano yako. Barua hii ni yako peke yako, tafadhali usimsomee Baba.

Jana nilikuwa natafuta kiberiti, nikaikuta picha ya kondoo chini ya kopo la sukari. Sikuituma kabisa. Nilichotia kwenye bahasha ni kipande cha boksi la sabuni nilichokata ili picha isijikunje. Sasa Baba alitazama nini dirishani mpaka chai ikapoa? Niambie ukweli, hata kama ni mchungu.

Na kwa kuwa nakuomba ukweli, acha nianze mimi. Mwalimu alikufa tarehe mosi Machi. Hakuugua. Alilala chini ya mstari wa saba mchana, jua lilipoteremka hakuamka. Nilimzika palepale kwa mikono yangu, na kengele nikamfunga binti yake. Baba alimlea kwa chupa yule kondoo mwaka aliofariki Mama. Alikuwa akilala naye jikoni. Niliishika kalamu nimwandikie, nikashindwa, nikaandika hajambo.

La pili linanikosesha usingizi zaidi. Ushauri wa Baba unaniangamiza. Sikumwambia kwamba vioo hivi havikai tuli. Asubuhi vinatazama mashariki, jioni magharibi, vinageuka polepole kutwa nzima na kivuli chake kinatembea chini yake. Kwa hiyo kivuli kiko kila mahali. Kondoo nao wanakifuata kweli: wanalala chini ya mstari, wanasogea hatua mbili, wanalala tena. Wiki sita wamelala mahali palepale. Chini ya vioo ardhi imenyolewa kipara. Katikati ya mistari majani yamenifika gotini na hakuna anayeyagusa. Mhandisi alikuja Jumanne, akapitisha kidole kwenye kioo, akanionyesha vumbi. Hakunigombeza. Alisema tu, "Dada, nikirudi tarehe thelathini Juni nikakuta hivi, sina la kukutetea." Afadhali angenigombeza.

Siwezi kumwambia Baba kwamba alichokiamini miaka yote hakifai. Wala sijui nifanye nini kingine. Samahani kwa kukutwisha haya, nawe una nguo za watu.

Binti wa mzee wa juu


Mjini, 12 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mimi ni fundi nguo, nikiona mshono umefumuka siwezi kuufunika kwa pasi.

Baba yako haoni. Hakuja mjini kwa ajili ya mgongo. Mgongo ule umeshanipandishia cherehani ngazi mbili na kuishusha. Alikuja kwa daktari wa macho, akaambiwa amechelewa, kilichokwenda hakirudi. Sasa anatofautisha dirisha na ukuta, basi. Siku ya picha alikitoa kile kiboksi kwenye bahasha, akakipapasa, akakisimamisha dirishani, akaanza kunisimulia jinsi Mwalimu alivyogeuza shingo. Nilikuwa na pini mdomoni. Nikaziacha mdomoni, na mpaka leo naona haya.

Kila asubuhi kabla sijafungua duka anashuka, anahesabu ngazi kwa sauti ndogo akidhani sisikii, anakaa kwenye kiti cha wateja, namsomea barua zako. Ile ya mbingu mbili nimeshaihifadhi, naisema huku napiga pasi. Hataki ujue kwa sababu moja. Anasema ukijua utaacha kondoo uje kumshika mkono, na yeye hatakuwa sababu ya wewe kurudi kwenye mashuka.

Umeniomba nisimsomee. Nimemsomea habari ya kivuli, unisamehe. Ya Mwalimu nimeiruka, na sikumwambia kwamba unajua ya macho. Siri mbili naweza kuzibeba, ya tatu ingenilemea. Nilipomaliza kusoma, aliichukua barua akaipapasa. Kisha akauliza, "Vinatembea? Mbona hakuniambia vinatembea?" Akapanda juu, akashinda huko na chakula sikumwona akila.

Leo asubuhi ameshuka na mfuko kifuani. Barua inayofuata ni yake, na kifurushi ni chake pia.

Fundi


Mjini, 12 Aprili

Mama Kelele,

Fundi ameropoka habari ya kivuli. Usimlaumu, nilimbana. Ulifikiri nitakufa kwa aibu? Kidogo nife. Lakini nimeamka.

Jana nilijilaza kitandani mchana kutwa na nilikuwa malishoni. Mtu akifumba macho anaona mbali sana. Niliiona miti yangu yote saba, na jua lile la saa nne, na kondoo wanainuka kwenye mti wa kisima. Nikajiuliza, mbona wanainuka na kivuli bado kipo? Nikatazama tena polepole, kama mtu anayetafuta sarafu kwenye majani. Mama yako alikuwa amesimama. Amejitwika beseni la chumvi, ndoo ya maji mkononi, anakwenda mti mwingine bila kumwambia mtu. Kondoo wakamfuata. Na mimi nyuma ya kondoo na fimbo yangu, kifua mbele, najiona mchungaji.

Miaka thelathini, mwanangu. Nilikuwa namfuata mke wangu nikidhani nafuata kivuli. Yeye ndiye aliyekuwa akichagua mti, na hakuwahi kunisahihisha hata mara moja.

(Hapa ameniomba nisubiri. Nimemaliza mkono mzima wa shati. Fundi.)

Na kurudi je? Nilimwuliza siku moja kwa nini haturudi mti wa kisima, majani yameshachipua. Akajibu, "Bado hayajafika pindoni." Nikacheka, nikaona ni maneno yake tu. Kumbe kila asubuhi alikuwa akipita penye umande. Pindo la gauni likitoka kavu, hatuingii. Likitoka limelowa, siku hiyo beseni linahamia hapo. Nilikuwa nikiliona gauni limelowa na kumwambia atapata homa.

Gauni lenyewe ninalo. Lile la bluu la kazini. Nilikuja nalo mjini, usiniulize kwa nini. Fundi amelikagua, anasema pindo halijawahi kukatwa wala kushushwa, na mimi nimemwambia wewe na mama yako ni kimo kimoja. Livae. Kata uwanja vipande kwa wavu. Weka chumvi na maji pamoja, mbali na walipolala, wafuate wenyewe. Wakishakula kipande, hama na ufunge nyuma yako, na usirudi hapo mpaka majani yalowanishe pindo. Kivuli kiache kitembee, hakina kosa.

Naona aibu kukupa ushauri mara ya pili. Ila huu si wangu, ni wa mama yako, kwa hiyo utafaa.

Baba yako

(Vifungo viwili vilikuwa vimelegea, nimevikaza. Pindo sikuligusa. Fundi.)


Malishoni, 28 Mei

Baba mpendwa,

Shikamoo. Naandika nikiwa nimekaa juu ya ndoo, gauni la Mama limelowa mpaka kwenye vigimbi, na nina furaha ambayo sijui niiweke wapi.

Siku za kwanza nilijiona kichekesho. Kijana wa duka la dawa aliniuliza kama kuna harusi. Nilikata uwanja vipande kumi na viwili kwa wavu, siku tatu kila kipande. Nikaweka beseni mwisho kabisa wa mstari, kondoo wakanitazama, wakalala. Nilikata tamaa nikakaa chini. Kisha yule mwenye kengele akainua pua. Alisikia chumvi, au alisikia gauni, sijui. Alikuja moja kwa moja akasimama mbele yangu, akaingiza pua kwenye mkunjo wa gauni na kubaki hapo. Basi wakaja wote. Walikula njia nzima, yale marefu ya katikati, wanayakanyaga, wanayalaza, wanayatafuna, mpaka kwenye beseni.

Nilizunguka vipande vyote kumi na viwili. Niliporudi cha kwanza, alfajiri imeshapita na ukungu umekaa chini ya vioo kama maji, nilitembea polepole katikati ya mistari. Nilikuwa naogopa kutazama chini. Nikahisi baridi kwenye vigimbi. Baba, nililia pale peke yangu. Kipara kimefunikwa. Bado ni majani machanga, laini, ukiyapitishia mkono yanainama kisha yanarudi. Ukipita kati ya mistari sasa gauni linatoa sauti, shii, shii, na vioo vinageuka polepole juu yako bila haraka ya kitu chochote. Mawingu ulitaka. Leo ni madogo madogo, yametengana, yanapita kwenye kioo cha kwanza, yanapotea kwenye mwanya, yanatokea kwenye cha pili. Kondoo na mawingu vinakwenda upande mmoja.

Mhandisi anakuja tarehe thelathini Juni. Mistari miwili ya mwisho bado ina vipara vikubwa, na sijui kama ataviona hivyo tu au ataona na vipande vilivyoota.

Njoo nyumbani kabla hajafika. Nakuomba. Sikuombi uje kunisaidia wala siji kukuchukua, kondoo siwezi kuwaacha. Panda basi la asubuhi, dereva anakufahamu kwa bahasha. Nimefunga kamba toka mlangoni mpaka mstari wa kwanza, na toka mstari hadi mstari. Ni ya kondoo. Ila mtu mwingine akitaka kuishika, haimkatazi.

Kengele inalia. Kila mtu hapa anakungoja.

Binti yako,
Mama Kelele


Malishoni, 4 Julai

Fundi,

Salaam nyingi. Mwandiko huu si wangu, usishtuke. Naandikiwa na Mama Kelele, mwenye mwandiko wa kuku na maswali mengi. (Ameniamuru niandike hivyo. Mwandishi.)

Nilifika salama. Dereva alinikalisha nyuma yake kama mzigo wa mayai. Niliposhuka kulikuwa na ubaridi wa asubuhi na harufu ya majani yaliyokatwa kwa meno, ambayo si sawa na ya majani yaliyokatwa kwa panga. Kisha nikasikia gauni linakuja. Pindo lililolowa linapiga majani, shii, shii. Fundi, nilisimama. Kwa muda mdogo sikuwa mzee wala kipofu, na mke wangu alikuwa anakuja na ndoo. Kisha likasema, "Shikamoo, Baba," na mimi nikalia mbele ya kondakta na abiria wote. Sijali.

Kamba nimeishika. Nilimwuliza binti yangu ni kondoo gani anafungiwa kamba inayonifika mimi kiunoni. Akasema kondoo wa siku hizi ni warefu. Nikatembea nayo mpaka mstari wa kwanza, nikagusa chuma kwa mara ya kwanza, kikawa kinasogea chini ya kiganja changu, polepole, kama ubavu wa mnyama aliyelala. Nilikuwa nimekichukia bila kukijua. Nimekaa chini yake kila siku tangu hapo. Kivuli kikinitoka naona jua usoni, nahama hatua mbili na kukaa tena. Nimekuwa kondoo wa mwezi Machi.

Mhandisi alikuja kama alivyoahidi. Binti yangu hakumzungusha. Alimpeleka kwenye vipara kwanza, akamwambia hapa ni kosa langu, kisha akampitisha vipande vyote kimoja kimoja. Mimi nilifuata na kamba yangu. Nilisikia kidole chake kwenye kioo. Nilisikia anachuchumaa. Halafu akauliza, "Unajuaje wakati wa kurudi?" na binti yangu akamwonyesha pindo. Yule dada akaomba apite yeye mwenyewe, akavua viatu. Aliporudi suruali yake ilikuwa imelowa mpaka vigimbini na alikuwa anacheka, mtu ambaye tuliambiwa hachekagi. Ameandika "pindo" kwenye daftari lake, sijui wakubwa wake wataelewa nini. Kondoo wanabaki mwaka mzima, kisha tutazungumza tena. Mashine itapelekwa kwingine. Mwanangu harudi kwenye mashuka.

Nimebakiza jambo moja, na mwandishi atalisikia sasa hivi pamoja nawe.

Siku niliyofika aliniletea Mwalimu. Alimshika shingo akamsogeza mpaka magotini kwangu. Kengele ni ile ile, nilimnunulia mwenyewe. Nikapeleka mkono nyuma ya sikio la kushoto nimkune, na sikio lilikuwa zima. Halijachanika popote. Binti yangu alikuwa amesimama karibu, namsikia anavyobana pumzi. Nikamkuna yule kondoo, nikasema, "Mwalimu, umenenepa." Aliachia pumzi. Yeye alifunga kamba akasema ni ya kondoo. Ningeshindwaje mimi kukubali sikio moja?

Fundi, kalamu imesimama. Namsikia analia kwa kujizuia, kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mdogo. Andika, mwanangu. Andika kwamba Baba alijua, na hakukasirika, ila alikuwa anangoja uwe umeshinda kwanza. Kesho asubuhi tukihamisha chumvi unipeleke ulipomzika, nikakae naye kidogo.

(Ni mstari wa saba, Fundi. Nimemwambia sasa hivi. Nimemwambia pia kwamba majani ya hapo ndiyo yanayofika pindoni mapema kuliko kote. Jina hapa chini amelitia mwenyewe, limepanda juu ya maneno yangu, nami nimeliacha hivyo hivyo.)

Aliyekuwa mzee wako wa juu